Keki ya Aibu ya Gerbrich Wielinga

Gerbrich Wielinga nusura azaliwe zizini. Mama yake, Bauk, alishikwa na uchungu wakati ng'ombe wa mwisho bado hajakamuliwa, akasema mtoto anaweza kusubiri, ng'ombe hawezi. Mtoto akasubiri. Tabia hiyo ya kusubiri ilimganda mwilini kama harufu ya maziwa, na chuo kikuu kimoja cha huko kusini, ambacho hakina haja ya kutajwa jina, kikaja kuitumia bila huruma.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, na mkataba wa sita. Mikataba yote ilikuwa ya muda. Sheria ya Uholanzi hairuhusu mtu kuajiriwa kwa muda hadi azeeke, lakini vyuo vikuu vina wanasheria, na wanasheria wana ubunifu kuliko wanafizikia. Mwaka huu ubunifu ulikuwa umefika mwisho. Jumanne baada ya sikukuu ya mfalme, kamati ingekaa na kuamua: ama Gerbrich apewe mkataba wa kudumu, ama arudi kwa mama yake na ng'ombe themanini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Everhard Quispel, ambaye pia alikuwa bosi wake. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Taasisi ilikuwa ndogo.

Kazi yake ilikuwa kuzifuatilia nyota ambazo hakuna mtu atakayeziona. Nyota mbili nene, kila moja nzito mara makumi kuliko jua, huzaliwa pamoja na kuzungukana. Iliyo nene zaidi huchoma mafuta yake kwa pupa, huvimba, humwaga joho lake la gesi juu ya mwenzake, kisha hujikunja ndani na kuwa shimo jeusi. Mwenzake, akiwa amenona kwa gesi ya bure, naye zamu yake hufika: huvimba vilevile, na mwisho huwa shimo jeusi vilevile. Mashimo hayo mawili hubaki yakizungukana gizani kwa miaka mabilioni, yakipoteza nguvu kidogo kidogo kwa mawimbi ya mvutano, yakisogeleana, mpaka yanagongana na kuwa moja. Mgongano wenyewe hauchukui hata muda wa kupiga chafya. Hapa duniani mitambo ya leza, ambayo ni kama masikio makubwa, huusikia, na watu hupeana tuzo.

Ofisi ya habari ya chuo ilipenda kuiita hiyo "densi ya kifo". Mwaka mmoja waliandika "ndoa ya milele". Gerbrich aliwapigia simu.

"Hazichezi," alisema. "Na hazijaoana. Zinaanguka, ila kila moja inaikosa nyingine kwa muda mrefu."

"Hiyo haitavutia wasomaji, Gerbrich."

"Basi msiandike."

Wakaandika densi. Alikuwa mtu wa namna hiyo: hajui kutia chumvi, hajui kuficha jambo, na uso wake ulisomeka kama saa ya kituo cha treni. Wenzake walimpenda kwa hilo, na kwa sababu hiyohiyo hawakumwambia siri yoyote.

Everhard Quispel ndiye aliyekuwa na jina. Kabla masikio yale hayajasikia chochote, yeye alitangaza yangesikia migongano mingapi kwa mwaka. Watu walimcheka. Masikio yakafunguliwa, na idadi ikawa karibu sawa kabisa na aliyoitaja. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka tena, hata alipotania. Pamoja na idadi alikuwa ametoa maelezo: nyota ya pili inapovimba, joho lake humeza shimo jeusi la jirani, shimo huogelea ndani ya gesi hiyo, huburuzwa, husogea karibu na kiini cha nyota, na joho lote hutupwa nje. Hivyo ndivyo viwili hivyo hufika karibu vya kutosha ili siku moja vigongane. Mchoro wa kumezana huko ulichapishwa kwenye vikombe vya kahawa vya taasisi. Kila asubuhi saa nne na nusu, watu sitini waliacha kazi kwa pamoja, kama kengele imegongwa, wakaenda kunywa kahawa kutoka kwenye nadharia ya Everhard.

Hapo kwenye kahawa ndipo ilipokuwa na makao sheria pekee ya taasisi iliyoheshimiwa na kila mtu, nayo ilihusu keki.

Siku yako ya kuzaliwa, unaleta keki mwenyewe. Makala yako ikikubaliwa na jarida, unaleta keki. Lakini mkurugenzi wa kwanza, marehemu sasa, aliongeza ya tatu: ukigundua kosa lako mwenyewe ndani ya kazi iliyokwisha chapishwa, unaleta keki ya aibu. Hiyo huwa kavu, bila malai, kwa kuwa aibu haipambwi. Unasimama kando yake, unataja kosa, kisha watu wanakula. Na ikishaliwa, imekwisha. Hakuna ruhusa ya kulitaja tena kosa hilo kwa ubaya, wala kumnyima mtu chochote kwa ajili yake. Waholanzi, ambao hawakubaliani hata juu ya upepo unavuma kutoka wapi, hili walilishika kama dini.

Mwezi wa Aprili Gerbrich akagundua kwamba anadaiwa keki.

Programu iliyotoa idadi ya Everhard aliiandika yeye, akiwa mwanafunzi wa uzamivu ambaye chunusi bado hazijamwacha. Ndani yake kulikuwa na swichi mbili alizoziweka kwa muda, akisubiri apate nafasi ya kuzifikiria vizuri. Nafasi haikupatikana kwa miaka kumi na mitatu, na idadi ilikuwa imetoka vizuri, na idadi ikitoka vizuri hakuna mtu anayefungua boneti.

Swichi ya kwanza ilihusu nyota changa, zinazoanza tu kuvimba. Programu ilizichukulia kama zimekomaa: ikavua joho, ikabakisha kiini, safi. Lakini nyota changa haina mpaka kati ya kiini na joho. Ni kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi. Yaache yatulie, malai yatapanda juu na utayaengua kwa kijiko. Jaribu mara tu yanapotoka kwa ng'ombe, utaengua ndoo nzima. Nyota ya namna hiyo ikilimeza shimo jeusi, hakuna kinachotupwa nje. Vyote viwili vinakorogeka na kuwa kitu kimoja, na hakuna jozi tena. Mtoto wa Bauk Wielinga alikuwa ameandika programu inayoengua maziwa mabichi. Alipoliona hilo alicheka peke yake ofisini, kicheko kibaya.

Akageuza swichi. Migongano ikapungua hadi kubaki moja kati ya kumi.

Swichi ya pili ilikuwa na haraka. Kila nyota ilipoanza kumwaga gesi kwa jirani mwepesi kuliko yenyewe, programu ilitangaza papo hapo: kumezana! Kumbe nyingi kati yake humimina taratibu, bila kummeza mtu. Shimo jeusi linashindwa kunywa yote, gesi inarushwa pembeni na kuondoka na mwendo wa mzunguko, na vile viwili vinakaribiana kwa utulivu. Akageuza na hiyo. Migongano ikarudi. Ikapanda, ikapanda, ikasimama karibu palepale ilipokuwa mwanzo.

Makosa mawili yalikuwa yamesimama yameegemeana kama walevi wawili wanaotoka baa, na kwa kuwa hakuna aliyeanguka, watu wakadhani ni wazima.

Akaenda kwa Everhard.

"Una dakika?"

"Kwako zipo daima. Kaa. Au usikae, una uso wa daktari wa mifugo."

"Kuna ng'ombe amekufa."

"Yupi?"

"Mkubwa."

Akamweleza. Everhard alisikiliza akizungusha kikombe chake, na mchoro ukawa unapita mbele ya macho ya Gerbrich: nyota, joho, shimo, nyota, joho, shimo.

"Idadi ni ileile?" akauliza mwishowe.

"Karibu."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Njia siyo ile. Hazimezani, Everhard. Nyingi zinamiminiana."

"Wewe nawe. Mtu akifika kazini kwa wakati kila siku, utamuuliza kapita daraja gani?"

"Ikiwa ameandika kitabu juu ya hilo daraja, ndiyo."

Everhard akaweka kikombe chini, mchoro ukatazama ukuta. "Sikiliza. Kosa limelala miaka yote hiyo, halitakosa usingizi kwa wiki moja. Kamati ikae kwanza. Upate mkataba wako. Baadaye tutaangalia, polepole, wewe na mimi."

"Na keki?"

"Usilete keki. Nakuomba kama rafiki, nisije nikalazimika kukuomba kama mwenyekiti."

Gerbrich akaendesha baiskeli kurudi nyumbani kwenye mvua ya pembeni, akiyatafuna maneno hayo. Hakuwa shujaa. Alihitaji ule mkataba. Alikuwa na paka, na chumba chenye dirisha linalotazama mfereji, na hofu ya kweli ya kukamua ng'ombe alfajiri akiwa na miaka arobaini na moja. Lakini alijijua. Akikaa kimya mpaka Jumanne, uso wake ungemsaliti Jumatano, na tangu hapo kila mtu angejua mkataba ule umenunuliwa kwa bei gani. Akampigia simu mama yake, ambaye alimwita Mem, yaani mama kwa Kifrisia, lugha ya kwao, hata mbele ya wageni.

"Mem, naomba uniokee keki. Kavu. Bila malai."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni keki ya aibu, ya kazini. Nimekosea hesabu."

"Aibu ndiyo hiyo keki kavu! Nyumba yenye ng'ombe themanini itoe keki kavu? Watu watasema nini?"

"Watu hawakujui, Mem."

"Ndiyo waanze kunijua kwa hiyo?"

"Mem. Kavu. Ni sheria."

"Sawa, sawa," akasema Bauk, kwa sauti ambayo mtu aliyelelewa naye angepaswa kuitilia shaka.

Alipokwenda kuichukua, keki ilimngoja ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya kufungia majani ya ng'ombe, fundo juu ya fundo. "Usilifungue njiani," Mem alimwonya, "itakauka." Gerbrich akaipakata safari nzima ya treni, akishangaa kidogo inakuwaje keki kavu ikauke, na akili yake ikiwa Jumanne.

Ijumaa asubuhi akaingia chumba cha kahawa na boksi lake. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na kulikuwa na mapambo ya rangi ya chungwa dirishani. Hilo halikumshtua, ilikuwa wiki ya mfalme, hata mbwa walivaa chungwa. Mieneke, katibu wa taasisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwamuzi wa mpira, alimrukia.

"Gerbrich! Mungu akupe maisha! Mwokaji amenipigia, gari limemfia barabarani, nimekaa hapa na vikombe sitini na aibu yangu. Nani alikuambia? Tulikubaliana asikwambie mtu, wewe huwezi kuficha hata baridi!"

"Aniambie nini?"

"Hivyohivyo, endelea kuigiza, unaweza kumbe." Na kabla Gerbrich hajafumba mdomo, Mieneke alikuwa ameshakata kamba kwa kisu.

Malai yalisimama urefu wa kiganja. Juu yake, kwa kuwa Bauk naye alikuwa na kalenda, vipande vya chungwa vilipangwa kama taji.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Everhard Quispel na mkewe Liesbeth, na kifuani mwa Everhard kulikuwa na nishani ya mfalme, utepe wake ukiwa wa rangi hiyohiyo ya chungwa. Asubuhi ile Liesbeth alimdanganya kwamba wanaenda manispaa kulalamika kuhusu maegesho ya baiskeli, jambo ambalo Everhard huliendea mbio, na huko meya alikuwa akimngoja na mkufu wake shingoni. Ndivyo nishani hizo zinavyotolewa: lazima mtu atekwe kwanza.

Wakaimba. Wakapongezana. Kwa Waholanzi haitoshi kumpongeza mwenye sherehe. Kila mtu humpongeza kila mtu kwa ajili yake.

"Hongera ya Everhard, Gerbrich!"

"Subirini. Kabla hamjakata, lazima niseme kwamba hii keki…"

"Hotuba baadaye, mama, watu wana njaa!" Mieneke akampa mtu sahani, naye akampa mwingine, na keki ikaanza kuondoka.

Everhard alikuwa ameiona kamba ya majani juu ya meza. Alimjua Bauk, aliwahi kula kwake. Akasogea.

"Imetoka kwa mama yako?"

"Ndiyo."

"Ni ile?"

"Ni ile. Mem kaweka malai kwa ubishi wake tu."

Everhard akatazama chumba kizima kikitafuna, akachukua kipande kinene, akala nusu yake kwa mkupuo. "Tamu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Kanuni unaijua. Ikishaliwa, imekwisha."

"Kanuni inasema kwanza nisimame niseme."

"Kanuni haisemi lolote kuhusu watu wenye njaa."

Akampiga bega kwa upole na kwenda kupokea hongera zaidi. Gerbrich akabaki na kijiko mkononi. Watu sitini walikuwa wanamsamehe kwa shangwe, midomo myeupe, bila kujua wanamsamehe nini. Kesho na keshokutwa, akijaribu kusema, wangemwambia kwa haki kabisa: si tulikula?

Lakini alikuwa amezaliwa kati ya watu hawa, na alijua jambo moja ambalo Everhard, kwa raha ya nishani, alikuwa amelisahau. Katika nchi ile hakuna mtu anayechukua kipande cha mwisho.

Kilibaki kimoja kwenye sinia. Mtu akapita, akasita, akakata nusu, akaacha nusu. Liesbeth akakata nusu ya hiyo nusu, akisema yeye anaonja tu. Mieneke akakata nusu ya kilichobaki. Kipande kikapungua na kupungua, kama mzunguko wa mashimo mawili ya Gerbrich, ila yale hatimaye hugongana, na kipande cha mwisho cha Kiholanzi hakimaliziki mpaka aje wa kufanya usafi. Kikawa kimesimama pale, kikubwa kama kidole gumba, na ukucha wa malai juu yake.

Gerbrich akaenda akasimama kando ya sinia.

"Haijaisha," akasema.

Watu wakageuka.

"Hii ni keki ya aibu. Samahani kwa malai, ni ya mama. Samahani na wewe, Liesbeth, kwa siku yenyewe, mimi sikuambiwa. Programu yetu ina makosa mawili, yote yangu. Moja linaacha hai jozi ambazo zilipaswa kufa. Lingine linameza jozi ambazo hazimezani. Yanafutana. Idadi inabaki karibu ileile, lakini jozi nyingi hazipiti njia tuliyosema. Hakuna joho linalotupwa. Kuna kumimina, taratibu. Mambo yote tuliyoandika kuhusu njia, tuandike upya. Nimemaliza."

Mtu mmoja akageuza kikombe chake na kuutazama mchoro kana kwamba umemtukana.

"Kwa hiyo idadi ni sahihi?" akauliza Mieneke, ambaye alipenda mambo yaeleweke.

"Karibu."

"Na vikombe?"

"Vikombe si sahihi."

Mtu alicheka, akajuta. Macho yakahamia kwa Everhard. Yeye hakuwa anamtazama Gerbrich. Alikuwa anakitazama kile kidole gumba cha keki, na uma ulikuwa mkononi mwake. Akatembea hadi mezani, nishani ikicheza kifuani. Angeweza kusema chochote: kwamba si mahali pake, kwamba hesabu zitapitiwa, kwamba Jumanne iko karibu. Akachoma kipande cha mwisho na kukitia mdomoni.

"Everhard!" akapiga ukelele Liesbeth, aliyeyavumilia yote ya asubuhi ile lakini si hilo.

Everhard akatafuna kwa muda mrefu kuliko ukubwa wa kipande ulivyohitaji. Akajifuta malai kidevuni.

"Imekwisha," akasema.

Watu walibishana siku nyingi alikuwa na maana gani. Wengine walisema alitaka kumnyamazisha. Wengine walisema alijifunga mikono mwenyewe mbele ya mashahidi sitini, kwa kuwa kosa lililoliwa hata mwenyekiti hana ruhusa ya kulihesabu. Bauk, aliposimuliwa kwa simu, alisema mtu huyo alipenda malai, na wasomi waache kutafuta makuu.

Jumanne kamati ikakaa. Mwenyekiti hakulitaja jambo la keki, na wengine wakaona haya kulitaja kabla yake. Gerbrich alipewa mkataba wa kudumu, wenye miezi miwili ya majaribio, ili chuo kipate nafasi ya kumfahamu.

Vikombe havikutupwa. Vilikuwa vikombe vizuri, havina ufa. Saa nne na nusu Gerbrich hunywa kahawa yake kwenye kimojawapo kama watu wote, na akimwona mgeni anauchunguza mchoro kwa makini, husogea na kumwambia kwamba ile njia ipo, lakini wapitao humo ni wachache.